Mtoto anasikia na anacheza, lakini lugha haiji: tatizo la ukuaji wa lugha, vyanzo vyake na tiba yake

Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu katika wilaya ya Masasi, na uzi huu nimeuandika kwa ajili ya wazazi wa Mtwara na Lindi ambao watoto wao wanasikia, wanacheza na wenzao, wanaijua njia ya kurudi nyumbani kutoka kwa bibi, lakini lugha yao imebaki nyuma mwaka baada ya mwaka. Kila shule zinapofunguliwa Januari huletwa watoto wa namna hiyo, na aghalabu huja na maelezo ambayo majirani wamekwisha kuyatoa: ulimi umefungwa, mama yake ni mkimya, nyumbani wanachanganya Kimakonde na Kiswahili, au baba yake naye alichelewa kusema kwa hiyo aachwe tu. Katika maelezo hayo manne ni la mwisho peke yake lenye ukweli ndani yake, nalo huhitimishwa vibaya, kwa sababu kurithi tatizo si sababu ya kuliacha.

Tuelewane kwanza ni watoto gani tunaowazungumzia. Mwaka 2017 jopo la wataalamu zaidi ya hamsini kutoka nchi zinazotumia Kiingereza, likiongozwa na Dorothy Bishop wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake, lilichapisha makubaliano kuhusu tatizo hili. Kwa mujibu wa makubaliano hayo, mtoto ana tatizo la ukuaji wa lugha pale ambapo shida yake ya kuelewa au kutumia lugha inamkwamisha katika maisha ya kila siku au katika masomo, haielekei kuisha yenyewe, na haitokani na hali nyingine inayofahamika, kama vile uziwi, usonji, mtindio wa ubongo au hali ya Down. Waliondoa pia sharti la zamani lililotaka alama za mtoto katika vipimo vya akili visivyohusu maneno ziwe juu kuliko za lugha ndipo ahesabiwe. Sharti hilo liliwanyima huduma watoto wengi ambao hawakuwa hodari sana wala wazito sana wa akili, na mimi naona kuliondoa lilikuwa jambo la haki.

Tatizo hili si adimu. Bruce Tomblin na wenzake walipowapima watoto wa chekechea katika jimbo la Iowa, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, walikuta kwamba watoto 7 hivi katika kila 100 walikuwa nalo. Courtenay Norbury na wenzake walipata uwiano unaokaribiana na huo huko Surrey, Uingereza, mwaka 2016. Ikiwa uwiano ndio huo, darasa la awali lenye watoto 60, ambalo huku kwetu si ajabu, litakuwa na watoto wanne hivi. Jambo lililonigusa zaidi katika utafiti wa Iowa ni kwamba wazazi waliokuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba mtoto wao ana shida ya lugha walikuwa asilimia 29 tu, tena katika nchi yenye wataalamu tele.

Nieleze linavyoonekana katika Kiswahili. Mvulana mmoja wa miaka sita niliyemfundisha aliulizwa alifanya nini siku ya Jumamosi, akajibu: "Baba mimi... pale... korosho... gunia panda." Alitaka kusema kwamba baba yake alimpandisha juu ya magunia ya korosho walipokuwa wakingoja kupima kwenye ghala la chama cha msingi. Ukitazama vizuri, majina ya vitu anayo yote. Kilichomshinda ni kitenzi. Kiswahili hukusanya mambo mengi katika neno moja: katika "alinipandisha" yumo aliyetenda, umo wakati, nimo mimi niliyetendewa, na imo ile "-ish-" inayoonesha kwamba sikupanda mwenyewe. Mtoto wa miaka miwili akidondosha viambishi hivyo hakuna la kushangaza, kwani wote huanza hivyo, lakini wengi wakifika miaka minne huwa wameshavipanga. Huyu alikuwa na miaka sita na bado alisema "panda" kwa aliyepanda, aliyepandishwa na atakayepanda kesho. Msikilizaji asiyejua habari ile hawezi kuijua kwa maneno hayo.

Upande wa kuelewa hujificha zaidi. Mwambie mtoto wa namna hii, "Kabla ya kuchukua daftari, nenda ukanawe mikono," naye atakwenda moja kwa moja kwenye daftari, kwa sababu amelisikia kwanza. Akiwa na wenzake hutazama wanachofanya na kuwafuata, hivyo mwalimu huamini kwamba ameelewa. Akiwa peke yake huitwa mkaidi au mzembe. Nimewasikia wazee wakilalamika kwamba kijana fulani jandoni alishindwa kushika nyimbo na maneno aliyofundishwa, wakaona ni dharau. Mtoto ambaye kumbukumbu yake ya sauti za maneno ni finyu hawezi kushika wimbo mpya kwa kuusikia mara moja au mbili, hata akiwa na heshima kiasi gani.

Sasa vyanzo. Kwa sehemu kubwa ni mambo ya kurithi yanayogusa namna ubongo unavyojijenga tangu mimba, na tunalijua hilo kutokana na mapacha: pacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni vilevile, hupata tatizo hili wote wawili mara nyingi zaidi kuliko pacha wasiofanana, ingawa wote wamelelewa nyumba moja na kusikia maneno yaleyale. Mwaka 2001 wanasayansi walitangaza kwamba katika ukoo mmoja wa London, ambao karibu nusu ya watu wake kwa vizazi vitatu walikuwa na shida kubwa ya matamshi na lugha, chanzo kilikuwa hitilafu katika kinasaba kimoja kiitwacho FOXP2, kilichopo kwenye kromosomu ya 7. Habari hiyo ilivuma sana, na wengine wakadhani kwamba kinasaba cha lugha kimepatikana. Watoto walio wengi hawana hitilafu hiyo. Kwao huwa ni vinasaba vingi, kila kimoja kikichangia kidogo sana, pamoja na mambo mengine yanayoongeza uwezekano, kama vile kuzaliwa njiti, kuwa mvulana, na kuwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata shida ya lugha au ya kusoma.

Kuhusu ulimi, niseme bila kuzunguka. Kamba ya ulimi iliyo fupi yaweza kumsumbua mtoto mchanga kunyonya, na kwa wachache yaweza kugusa matamshi ya sauti chache. Haimzuii mtoto kuelewa, wala haimfanyi ashindwe kupanga maneno. Mtoto mwenye kamba fupi angesema sentensi nzima kwa matamshi yasiyo safi. Kumkata kimio ili aseme ndiyo kabisa hakuhusiani na lugha, na wembe wa mitaani huleta damu isiyokatika, usaha na hata pepopunda.

Ukimya wa mama nao si chanzo. Ni kweli kwamba mtoto anayezungumzishwa kwa wingi hupata msamiati mpana zaidi, lakini katika nyumba hiyohiyo, kwa mama huyohuyo, watoto wanne husema vizuri na wa tano asiseme. Mara nyingi mambo huwa kinyume na tunavyodhani: mtoto asiyejibu huwafanya watu wapunguze kumsemesha, kisha jirani anayekuja kuwatazama huona nyumba yenye ukimya na kudhani amekiona chanzo.

Tiba ni mazungumzo yaliyopangwa, yanayorudiwa kila siku kwa muda mrefu, yakiongozwa na mtaalamu pale anapopatikana. James Law na wenzake walipokusanya tafiti mwaka 2003 walikuta kwamba tiba hii husaidia matamshi na msamiati, huku ushahidi kwa upande wa kuelewa ukiwa dhaifu zaidi. Tangu hapo mengine yamejulikana, na lenye maana zaidi kwetu ni hili: huko Uingereza, katika jaribio lililofanyika kwenye shule 193, wasaidizi wa walimu waliofunzwa waliwafundisha watoto wa darasa la kwanza kabisa kwa wiki 20, wakiwa katika vikundi vidogo na pia mmoja mmoja, na lugha ya watoto hao ikapanda kuliko ya wenzao ambao hawakuupata mpango huo. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa matabibu wa usemi. Kwa mikoa kama yetu, ambako mtaalamu huyo ni wa kumtafuta kwa tochi, jaribio hilo ndilo ninaloliegemea.

Njia ninayoitumia zaidi ni ya kumrudishia mtoto sentensi yake ikiwa imekamilika. Akisema "gunia panda", simwambii "Sema vizuri" wala simlazimishi arudie baada yangu. Namjibu, "Aa, baba alikupandisha! Alikupandisha juu ya gunia. Na mimi baba alinipandisha." Nimeikubali habari yake, nimempa umbo lililompotea mara tatu ndani ya pumzi moja, na mazungumzo yanaendelea. Mama anayebangua korosho barazani na mtoto wake pembeni ana nafasi tele za kufanya hivyo: "Hii imepasuka. Hii haikupasuka. Nani aliipasua?" Cha muhimu ni kuchagua umbo moja au mawili kwa wiki kadhaa na kuyarudia kwa makusudi, wala si kumwagia mtoto maneno kama mvua ya masika. Baada ya kuuliza, nyamaza uhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Watu wazima wengi tunajijibu wenyewe kabla mtoto hajafungua kinywa.

Picha nazo husaidia sana, na si lazima kiwe kitabu cha duka. Kalenda ya ukutani, gazeti kuukuu au kitabu cha dada yake wa darasa la pili vinatosha, ilimradi mtoto ndiye anayesimulia na mkubwa anauliza na kupanua majibu yake. Vitendawili, kwa upande mwingine, viwekwe kando kwanza, maana mtoto huyu huchukua maneno kwa maana yake ya juu juu. Hadithi fupi yenye mambo yanayofuatana, inayosimuliwa usiku baada ya usiku hadi aweze kuidakia, inamfaa zaidi.

Karibuni kwa michango na maswali.

Mama wa Newala

Shikamoo mwalimu. Uliyoyaandika ni kama umemwona mwanangu wa kike. Nyumbani mimi na bibi yake tunasema Kimakonde, na baba yake ambaye ni mtu wa Lindi mjini anasema Kiswahili. Tulipompeleka kliniki, muuguzi alituelekeza tuache Kimakonde kabisa kwa sababu ndicho kinachomchanganya. Ni miezi mingi sasa tunasema Kiswahili tu, lakini bibi yake hakijui vizuri, na naona mtoto amezidi kuwa kimya. Je, turudi kwenye Kimakonde?

Mleta uzi

Marahaba, mama. Ndiyo, rudini. Lugha mbili hazisababishi tatizo hili, na kumwondolea mtoto mojawapo hakumponyi. Jambo hili limechunguzwa kwa watoto wanaokua na lugha mbili, kwa mfano Kifaransa na Kiingereza huko Kanada, na ikaonekana kwamba mtoto mwenye tatizo anayesema lugha mbili hafanyi vibaya kuliko mwenye tatizo anayesema moja. Tatizo likiwepo huonekana katika lugha zote mbili. Mtoto anayesema Kimakonde kilichonyooka na kukwama kwenye Kiswahili pekee hana tatizo la ukuaji wa lugha. Anajifunza lugha ya pili, na anahitaji muda. Kwa hiyo mtihani wa kwanza anaoweza kuufanya bibi yake, tena kuliko mtaalamu yeyote asiyejua Kimakonde, ni kusikiliza kama mjukuu wake anasema kama walivyokuwa wakisema wajukuu wengine walipokuwa na umri huo.

Na kuna hasara nyingine katika ushauri mliopewa. Bibi akilazimishwa kusema lugha asiyoimudu atasema sentensi fupi, kavu, za kuamuru: njoo, kaa, acha. Katika Kimakonde angesimulia, angetania, angeuliza. Mtoto huyu anahitaji wingi wa sentensi kamili kutoka kwa watu wanaompenda, na sentensi hizo hupatikana katika lugha ambayo msemaji anaiweza. Ninayoyasema yanawahusu vilevile Wayao wa Masasi na Tunduru, Wamwera wa Nachingwea na Ruangwa, na Wamakua.

Tabibu wa Nachingwea

Mwalimu, uzi mzuri. Niongeze upande wa hospitali, kwa sababu kabla ya kuliita jambo hili tatizo la ukuaji wa lugha ni lazima tuondoe vyanzo vingine, na baadhi yake vimejaa katika mikoa yetu.

La kwanza ni masikio. Mtoto anaweza kugeuka akisikia mlango ukibamizwa au pikipiki ikipita na bado asizisikie sauti nyembamba kama "s", "f" na "sh". Kumpigia makofi nyuma ya kichwa si kipimo. Nawaona watoto wengi wenye usaha unaotoka sikioni kwa miezi, wazazi wameshauzoea, wanaupangusa na kumtia mafuta ya moto. Usaha wa zaidi ya wiki mbili una maana kwamba ngoma ya sikio huenda imetoboka, na mtoto huyo asitiwe mafuta wala kitu kingine kisichotoka kwa tabibu. Wapo pia wenye maji nyuma ya ngoma bila usaha wala maumivu, na hao ndio hutupita. Aliyewahi kuugua homa ya uti wa mgongo, aliyepata manjano kali siku za mwanzo za maisha, au aliyedungwa dawa ya gentamaisini kwa muda mrefu akiwa mchanga, apimwe usikivu hata kama hakuna anayemtilia shaka.

La pili ni malaria kali. Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya malaria Tanzania Bara, na Lindi hatuko mbali. Watafiti wa Kilifi, nchini Kenya, waliwafuatilia watoto walionusurika malaria iliyopanda kichwani, na hata waliopata degedege za kurudiarudia kwa malaria bila kupoteza fahamu kabisa, wakakuta kwamba baadhi yao walibaki na upungufu katika lugha miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo nikiletewa mtoto asiyesema, swali langu la mapema ni hili: alikuwa anasema kabla ya ugonjwa? Mtoto aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza, awe aliugua au hakuugua, aletwe hospitali haraka bila kungoja siku ya kliniki.

La tatu ni chumvi. Pwani yetu ina mashamba ya chumvi, na chumvi nyingine huuzwa sokoni kwa vipimo bila kutiwa madini joto. Mama mjamzito akikosa madini joto, ubongo na usikivu wa mtoto aliye tumboni vinaweza kuathirika, na hapo athari haiishii kwenye lugha. Nunueni iliyoandikwa kwamba ina madini joto.

Kuhusu kimio, nakuunga mkono kwa nguvu zote. Nimewahi kumpokea mtoto aliyekatwa ili aseme, akaletwa kwetu akivuja damu.

Mkazi wa Lindi

Naomba nitofautiane kidogo na mleta uzi. Mimi nina kijana ambaye hadi anatimiza miaka miwili na nusu alikuwa na maneno ya kuhesabika, tukamwacha, na leo ukimpa kipaza sauti harusini humnyang'anyi. Mdogo wangu naye alikuwa hivyohivyo. Naona tunawatia wazazi hofu bure na kuwageuza watoto wa kawaida kuwa wagonjwa. Wavulana huchelewa, na wazee wetu walilijua hilo.

Mleta uzi

Ndugu yangu, hoja yako ina uzito, na wapo watoto wengi kama kijana wako. Mtoto wa miaka miwili asiyefikisha maneno 50 hivi na asiyeunganisha maneno mawili, kama "mama maji", huhesabiwa kuwa amechelewa, na zaidi ya nusu ya watoto wa namna hiyo huwafikia wenzao kabla ya kuanza shule bila tiba yoyote. Kwa sababu hiyo wataalamu huwa waangalifu kumpa mtoto wa miaka miwili jina la tatizo lolote. Ila wale wasiowafikia wenzao nao walikuwa na miaka miwili wakati mmoja, na nyumbani kwao pia waliambiwa wangoje.

Kinachosaidia kuwatofautisha ni mambo kadhaa ambayo mzazi anaweza kuyaona mwenyewe. Mtoto aliyechelewa kusema lakini anaelewa unapomwambia "Kamletee bibi kile kikombe chekundu" bila kumwonyesha kwa kidole, na anayetumia mikono, macho na sura yake kueleza anachotaka, ana matumaini makubwa. Asiyeelewa, asiyeashiria, na aliye na historia ya tatizo hili katika ukoo, asingojwe. Umri nao husema: shida inayoonekana bado mtoto akiwa na miaka mitano mara nyingi hudumu, hata kama sura yake itabadilika. Huko Manchester, Gina Conti-Ramsden na wenzake waliwafuatilia watoto 242 tangu wakiwa na miaka saba, kuanzia mwaka 1995, na walipofika ujanani wengi wao walikuwa bado na ugumu wa lugha na wa kusoma, na wasiwasi na huzuni vilikuwa juu kuliko kwa vijana wengine. Sidhani kumzungumzisha vizuri mtoto wa miaka mitatu ambaye angepona mwenyewe kunaweza kumdhuru. Kwa hiyo tiba ya nyumbani niliyoieleza haingoji jina la tatizo.

Mwalimu wa Kilwa

Mwenzangu, unayoyaeleza ni mazuri kwa mtoto mmoja. Mimi darasa la pili nina watoto zaidi ya 80. Ninaye mmoja ambaye herufi anazijua, anaunganisha silabi, anasoma "kikombe" bila kukwama, lakini ukimwuliza alichosoma hana jibu. Kipimo cha haraka ni kipi, na nifanye nini katika msongamano huu?

Mleta uzi

Mwalimu mwenzangu, huyo uliyemweleza ni mfano halisi. Herufi zetu na sauti zake vinaendana, kwa hiyo mtoto anaweza kuyasoma maneno kwa sauti bila kuelewa chochote, na mtihani wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) unaopima kasi ya kusoma hautamnasa. Muulize maswali ya kuelewa.

Kipimo cha haraka kinachoweza kukupa dokezo ni kumtaka arudie maneno yasiyo na maana, yaliyotungwa kwa silabi za Kiswahili, kama "tupelo", "mikadesu", "lobitanemu". Susan Gathercole na Alan Baddeley walionesha mwaka 1990 kwamba watoto wenye tatizo hili hukwama zaidi kadiri neno linavyorefuka, kwa kuwa hapo hawawezi kuegemea neno wanalolijua. Lichukue kama dokezo tu, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri naye atakwama. Vipimo rasmi vingi vilitengenezwa kwa Kiingereza, na kuvitafsiri tu hakufai: vinatafuta makosa ya Kiingereza, wakati mtoto wetu anapotezea mambo kwenye viambishi vya kitenzi na upatanisho wa ngeli.

Darasani, mkalishe mbele, mbali na mlango. Maelekezo yatoe moja moja kwa mpangilio wa kutendwa: "Nawa mikono. Kisha chukua daftari." Kabla ya somo jipya chukua maneno mawili au matatu magumu, umwoneshe kitu chenyewe au picha, ayatamke, ayatumie. Ukifundisha mazao, jani la mhogo mkononi litamfaa kuliko maelezo ya ubao mzima. Mpe rafiki mmoja mwenye subira wa kukaa naye. Usimsimamishe kusimulia mbele ya watoto 80. Msikilize wakati wa kufagia au kunywa uji. Na usimwache nje ya hesabu na michezo kwa sababu ya lugha, maana huko anaweza kuwazidi wengi.

Baba wa Mikindani

Naulizia dawa. Kuna mtu ananiuzia matone ya kuongeza akili, na mwingine ameniambia kuna programu ya simu inayofundisha watoto kusema. Vilevile naomba kujua pa kuanzia kwa sisi tulio Mtwara, kwa sababu kwenda Dar es Salaam ni gharama.

Mleta uzi

Mkuu, hakuna dawa ya kunywa, ya matone wala ya kudunga inayotibu tatizo la ukuaji wa lugha. Pesa ya matone iweke kwa nauli. Kuhusu programu, Ronald Gillam na wenzake huko Marekani waliwagawa watoto 216 katika makundi, na kundi moja likatumia michezo ya kompyuta iliyotangazwa sana na kuuzwa ghali kwa kazi hiyo. Matokeo yao ya mwaka 2008 yalionesha kwamba kundi hilo halikuwazidi watoto waliotumia michezo mingine ya kompyuta wala waliokaa na mtaalamu. Nayasoma matokeo hayo hivi: mchezo wenyewe hauna siri inayostahili bei yake. Simu si sumu, lakini haijibu mtoto anachosema.

Anza karibu. Nenda na mtoto katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa ninyi wa Mtwara au Sokoine kwa wa Lindi, ama Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, uombe kuonana na daktari wa masikio, pua na koo, na uulize kipimo cha usikivu. Ndanda na Nyangao ziko karibu zaidi kwa watu wa bara. Ikihitajika rufaa ya mbali, Muhimbili ndiko kwenye huduma kubwa ya usikivu, na ndiko vifaa vya kupandikizwa sikioni vilianza kuwekwa mwaka 2017. Kabla ya safari piga simu uulize mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha yupo siku zipi, usije ukalala mjini bure.

Usiende mikono mitupu. Chukua kadi ya kliniki, hata kama imechakaa, kwa sababu ina uzito wa kuzaliwa na tarehe za chanjo. Andika magonjwa aliyolazwa na umri aliokuwa nao. Andika pia sentensi kadhaa kama anavyozisema yeye, bila kuzinyoosha, kwa lugha anayoitumia nyumbani, na ukiweza mrekodi kwa simu akisimulia jambo analolipenda, kwa kuwa watoto wengi hufunga mdomo wakiona koti jeupe. Aende mtu anayeshinda naye kutwa. Ukiambiwa masikio yako sawa, omba maandishi, uyapeleke kwa mwalimu wake.